Pika Jumapili, ule hadi Jumatano

Maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanaweza kukaa motoni saa mbili na zaidi kabla hayajaiva. Anayetoka Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri, akapambana na foleni na kurudi saa mbili usiku, hana muda huo wala mkaa wa kuchezea. Ndiyo maana chipsi mayai za njiani humpata kirahisi. Kumhubiria habari za mlo kamili bila kugusa ratiba yake ni kupoteza maneno.

Njia inayofanya kazi ni kupika mara moja na kula mara kadhaa, na sehemu kubwa ya ufundi wake iko tayari katika majiko ya Pwani. Maharage huchemshwa chukuchuku, yakawekwa, kisha yakaungwa kwa tui siku ya kuliwa, maana chakula cha nazi huchacha upesi. Fuata mpango huo kwa vyakula vingine pia: kinachokula muda kitangulie, kinachoharibika haraka kisubiri. Kunde, choroko, nyama iliyochemshwa na tangawizi, rojo la nyanya na vitunguu, vyote hivi vinatunzika vizuri. Mchicha na tembele pika siku hiyohiyo, kwani vitamini C huyeyukia majini na kuharibiwa na moto, na kila unapopasha inapungua tena. Kisamvu ni habari nyingine. Kwa kuwa lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu ili sumu ya sianidi iliyomo iondoke, ni afadhali upike kingi na kukigawa kwenye friza.

Maharage mekundu nayo yana sharti lake. Yana lektini, aina ya protini inayoleta kutapika na kuharisha yasipoiva sawasawa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali yatokote kwa dakika 10 au zaidi ndipo upunguze moto. Chungu cha umeme kinachopika polepole bila kufikia mchemko hakifai kwa kazi hii. Joto la wastani linaweza hata kuiongezea sumu hiyo nguvu.

Lakini wengi hawakosei kwenye kupika. Wanakosea sufuria inapotoka motoni.

Katika mchele na unga wa ngano huishi bakteria aitwaye Bacillus cereus. Ana mbegu ngumu ambazo maji yanayochemka hayaziui. Wali ukiachwa mezani kwenye joto la Dar es Salaam, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutoa sumu iitwayo sereulidi. Sumu hiyo haivunjiki hata kwa joto la nyuzi 121, na chakula chenye maji hakiwezi kufika huko jikoni bila chombo cha presha. Kwa hiyo ile kauli ya "nitaupasha vizuri tu" haina msaada: moto wa asubuhi huua bakteria na kuiacha sumu yao. Mara nyingi matokeo ni kutapika na tumbo kusokota kwa siku moja, lakini si kila mara. Oktoba 2008, mjini Brussels, kijana wa miaka 20 alikula tambi zilizokaa siku tano nje ya friji. Usiku huohuo alifariki, ini lake likiwa limeharibika.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60. Ugumu ni kwamba sufuria kubwa ya maharage, hata ukiiingiza kwenye friji, hubaki na joto katikati kwa saa nyingi, na huku inavitia joto vyakula jirani. Gawa chakula kwenye vyombo vipana visivyo na kina. Ukiwa na haraka, iweke sufuria ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge, kisha gawa. Mvuke ukishatulia, funika na uingize ndani.

Kwenye friji kisipite siku tatu. Cha Alhamisi na Ijumaa kiende kwenye friza tangu Jumapili. Pasha kiasi cha kula tu, kitokote au kifuke mvuke hadi katikati, na kilichopashwa kisirudishwe. Hotipoti haipashi chakula, inakitunzia joto tu, hivyo kiingie kikiwa cha moto sana. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friji iliyofungwa hushika ubaridi kama saa nne, na friza iliyojaa hadi siku mbili.

Wapo wanaosema wali au viazi vilivyopoa ni salama kwa mwenye kisukari. Ni kweli kwamba wanga ukipoa, sehemu yake hugeuka na kuwa ngumu kusagika tumboni. Badiliko hilo ni dogo, wala halitoi ruhusa ya kujaza sahani.

Asiye na friji asijilazimishe kulaza chakula kilichopikwa. Atangulize kazi zisizoharibika: kuchambua mchele, kuloweka maharage usiku ili kesho yaive upesi, kutwanga viungo. Kisha apike cha kuisha siku hiyo.

Na kama kiporo kimelala nje usiku kucha, kimwage, hata kama hakinuki. Sereulidi haina harufu wala ladha.