Jazz ya runinga na hesabu za wiki ya kwanza

Oktoba 2011, Scotty McCreery, kijana wa North Carolina aliyetwaa ushindi wa msimu wa 10 wa American Idol, alitoa albamu ya muziki wa country. Nakala 197,000 ziliuzwa ndani ya wiki moja na albamu ikaingia kileleni mwa chati ya Billboard 200. Mwezi huohuo Lauren Alaina, aliyekuwa wa pili, aliuza zipatazo 69,000 katika wiki yake ya kwanza. Zamu ya Haley Reinhart, binti wa Wheeling, Illinois, aliyeshika nafasi ya tatu, ilifika Mei 22, 2012. Albamu yake ya kwanza, Listen Up!, mchanganyiko wa jazz, soul ya kizamani na pop, iliuza nakala kama 20,000 wiki ya kwanza na kuangukia namba 17. Haikuchukua muda mrefu kampuni ya Interscope ikaachana naye.

Wote watatu walipitia jukwaa moja, mbele ya watazamaji walewale. Anayesoma tarakimu hizo juujuu atasema binti alishindwa. Mimi naona waliokosea ni walioshika kipimo.

Tuanze na mwenye biashara. Bidhaa ya shindano la vipaji si muziki, ni muda wa matangazo. American Idol ilikuwa ya kituo cha Fox, na wadhamini wake wakubwa walikuwa Coca-Cola, Ford na AT&T; mezani kwa majaji vilikaa vikombe vyekundu vya Coca-Cola. Fainali ya 2011 ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 29. Wakati pazia linafungwa, pesa kubwa imeshaingia mifukoni mwa wenyewe. Albamu ni mazao ya ziada, na kampuni ya kurekodi hupewa kazi moja: kuiuza kabla watazamaji hawajasahau jina. Hapo ndipo wiki ya kwanza inapogeuka kuwa hukumu. (Afrika Mashariki tunaijua biashara hii. Shindano la Tusker Project Fame lilibeba jina la bia, na kelele zilikuwa zaidi za fedha za zawadi na usiku wa fainali kuliko albamu iliyofuata.)

Msikilizaji wa jazz-pop haendi mbio kiasi hicho. Ananunua polepole, baada ya kusikia wimbo mgahawani au kwa rafiki. Mfano mkubwa ni Norah Jones, ambaye hakutoka kwenye shindano lolote. Albamu yake Come Away with Me ilitoka kampuni ya Blue Note Februari 2002 na kuingia Billboard 200 ikiwa namba 139. Ilifika namba moja Januari 2003, karibu mwaka mzima baadaye, na hadi leo imeuza zaidi ya nakala milioni 25 duniani. Mhasibu wa Idol angeifunga faili yake Machi 2002.

McCreery alikuwa na mlango wazi: redio za country zina wasikilizaji waaminifu, na kampuni yake ilishirikiana na Mercury Nashville, watu wanaozijua redio hizo kwa majina. Reinhart hakuwa na redio ya namna hiyo. Sauti yake yenye mkwaruzo, iliyokulia katika bendi ya wazazi wake na kupita kwenye tamasha la Montreux kabla ya umaarufu wa runinga, haikukaa sawasawa kwenye pop ya 2012 wala kwenye vituo vya jazz. Na soko lenyewe lilikuwa linayeyuka. Marekani iliuza albamu milioni 785 mwaka 2000. Mwaka 2012 ziliuzwa milioni 316. Jazz yenyewe, kwa hesabu za kampuni ya Nielsen za 2014, ilikuwa asilimia 1.4 tu ya muziki wote uliotumiwa nchini humo.

Halafu kuna gharama. Pop ya kompyuta inaweza kukamilishwa na prodyuza mmoja chumbani. Albamu ya jazz-pop inadai wapiga tarumbeta, mpiga ngoma halisi na saa ndefu za studio. Fedha hizo kampuni huzitanguliza, kisha huzikata kwenye mrabaha wa msanii hadi zirudi, na kwa wengi hazirudi. Fungu la mtunzi ndilo hulipwa mapema zaidi, lakini nalo ni jembamba: mwaka 2012 sheria ya Marekani ilitoa senti 9.1 kwa kila wimbo kwa kila nakala. Zidisha kwa nakala 20,000, unapata dola 1,820 kwa wimbo, na hizo wanagawana watunzi wote pamoja na wachapishaji wao. Redio ya kawaida ya huko, ikicheza wimbo, humlipa mtunzi na kumwacha mwimbaji bila senti.

Kwa hiyo njia rahisi imekuwa nyimbo za zamani ambazo kila bibi anazijua. Uingereza, Ray Quinn alishika nafasi ya pili kwenye The X Factor ya 2006 nyuma ya Leona Lewis. Machi 2007 alitoa Doing It My Way, swing tupu, ikaingia namba moja. Kwa kipimo cha wiki ya kwanza hakuna anayeweza kumlaumu. Hata hivyo kampuni yake ya kurekodi, Syco, haikuendelea naye, na jina lake likahamia kwenye igizo la Grease la West End na ubingwa wa kipindi cha Dancing on Ice 2009. Namba moja ilikuwa mali ya kipindi, yeye aliazimwa.

Kwa Reinhart fedha zilikuja kwa njia ambayo Interscope haikuihesabu. Mwaka 2015 alirekodi na Postmodern Jukebox ya mpiga kinanda Scott Bradlee, kundi linalogeuza nyimbo za kisasa kuwa jazz ya kale, na video yao ya wimbo wa Creep ikatazamwa mara makumi ya mamilioni. Mwaka huohuo tangazo la bazoka za Extra lilitumia Can't Help Falling in Love kwa sauti yake: hadithi ya wapenzi wawili iliyochorwa kwenye karatasi za bazoka, sauti moja na kinanda, basi. Tangazo la aina hiyo hulipia leseni mbili, moja kwa wenye utunzi, nyingine kwa wenye rekodi. Wimbo huo wa 1961 hauwezi kumpa mwimbaji wake mpya fungu la utunzi; fungu lake liko kwenye rekodi, na ukubwa wake unategemea mkataba unasema rekodi ni ya nani.

Casey Abrams, mpiga besi kubwa aliyeshika nafasi ya sita msimu uleule, alichukua njia ya mkato. Albamu yake ya kwanza, Juni 2012, ilitoka Concord, kampuni iliyozaliwa na jazz California. Mauzo hayakutikisa chati. Mwaka 2018 alikuwa Chesky ya New York, kampuni iliyokuwa ikiwauzia wapenda sauti safi na kuzoea kurekodi wapigaji wote kwa pamoja, chumba kimoja, bila kupachika sauti baadaye. Bajeti ya rekodi ya namna hiyo ni ndogo, na hakuna anayeisubiri Billboard ya wiki.