Kadiri ya Seli na Sababu Zake

Aghalabu mtu akimlinganisha tembo na panya hudhani kwamba ukubwa wa yule umetokana na ukubwa wa seli zake. Lakini mwenye hadubini, akizitazama seli za ini la wanyama hao wawili, huziona zakaribiana mno, kwa kuwa tembo hakujaaliwa seli kubwa zaidi, bali amejaaliwa nyingi zaidi.

Sababu yake ni ya hesabu. Kila seli hupokea chakula na oksijeni, na hutoa taka zake, kwa kupitia utando unaoizunguka. Na ikiwa upana wake utaongezwa mara 10 pasipo umbo lake kubadilika, eneo la utando huo litaongezeka mara 100, ilhali ujazo wa ndani utaongezeka mara 1,000, hata kila sehemu ya ndani ibakiwe na sehemu moja tu katika 10 ya utando uliokuwa ukiihudumia. Fauka ya hayo, vitu vinavyosambaa vyenyewe ndani ya seli hukawia mno masafa yakizidi, kwani masafa yakiwa maradufu, muda huwa mara nne.

Hata hivyo, ndani ya mwili mmoja seli hutofautiana kwa kadiri ya kazi zake. Chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikromita 7 au 8, na mikromita ni sehemu moja katika 1,000 ya milimita. Nayo ni bapa, imebonyea kati pande zote mbili, wala haina kiini, ili oksijeni iingie na kutoka upesi. Yai la mwanamke hufikia kiasi cha mikromita 100, kwa sababu limewekewa akiba ya siku za mwanzo za mimba. Seli ya neva itokayo uti wa mgongo hadi wayo yaweza kufika urefu wa mita moja, lakini uzi wake ni mwembamba kuliko unywele, na kwa wembamba huo kanuni ya utando haikuvunjwa.

Hata viumbe vya ajabu huitii kanuni hiyo. Bakteria wengi hawazidi mikromita chache, lakini mwaka 2022 wataalamu walieleza habari za Thiomargarita magnifica, bakteria wa mikoko ya Guadeloupe afikiaye sentimita moja na anayeonekana kwa macho matupu. Naye sehemu kubwa ya ndani yake ni kifuko cha maji, na uhai wake umesogezwa kandokando, karibu na utando.

Elimu hii ina manufaa hospitalini kila siku, maana daktari apimapo damu ya mgonjwa aliyepungukiwa na damu huangalia pia ukubwa wa chembe zake nyekundu: zikiwa ndogo kuliko kawaida, hushuku upungufu wa madini ya chuma, zikiwa kubwa, hushuku upungufu wa vitamini B12 au wa foleti.