Plagini Zinazojipanga Zenyewe

WordPress imejisifu miaka mingi kwamba husakinishwa kwa dakika 5. Si uongo. Unajaza jina la tovuti, barua pepe na nenosiri, unabofya, tovuti iko hewani. Kazi inayokula siku huanza baada ya hapo, fundi anapoongeza plagini, yaani programu ndogo zinazoipa tovuti uwezo ambao haikuzaliwa nao: fomu ya mawasiliano, duka, kinga dhidi ya barua taka, nakala rudufu. Kila moja hupakuliwa, huwashwa, kisha huja na maswali yake. Sarafu gani? Ujumbe uende kwa nani? Nakala zihifadhiwe kila baada ya muda gani? Fundi mwenye wateja ishirini hujibu maswali yaleyale mara ishirini, na mahali fulani katikati lazima ataruka jibu moja.

WordPress ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Mwaka uliofuata, toleo la 1.2 likafungua mlango wa plagini. Leo zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani zinaendeshwa nayo, na plagini za bure kwenye ghala lake rasmi ni makumi ya maelfu.

Ukibofya kitufe cha kuwasha plagini, hakuna muujiza unaotokea. WordPress huandika jina la faili la plagini hiyo katika orodha ya zilizo hai, na huendesha kipande cha msimbo ambacho mtunzi alikitenga kwa ajili ya wakati huo. Hapo ndipo majedwali mapya huundwa na mipangilio ya awali huwekwa. Mipangilio yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni mistari katika jedwali moja la hifadhidata liitwalo wp_options: huku jina, huku thamani. Basi lolote ambalo binadamu hulifanya kwa kubofya, mashine inaweza kulifanya kwa kuandika.

Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo ni WP-CLI, kilichoanza mwaka 2011 na kuingizwa rasmi katika familia ya WordPress mwishoni mwa 2016. Amri ya mstari mmoja huleta plagini na kuiwasha. Mstari mwingine hubadili mpangilio. Mfano wa karibu ni saa. WordPress ikisakinishwa kwa Kiingereza hufuata saa ya dunia, UTC, hivyo habari iliyochapishwa Dodoma au Nairobi huonekana imetoka saa tatu kabla. Mstari mmoja unaotaja Africa/Nairobi unamaliza shida hiyo kwenye tovuti zote ishirini.

Wapo wanaoona hata hiyo ni njia ndefu, wakaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata na kubadilisha maneno kwa mkono. Wasifanye hivyo. Mipangilio yenye sehemu nyingi huhifadhiwa kwa mtindo wa PHP, lugha ya programu ya WordPress, ambao kila neno hutanguliwa na urefu wake. Neno Mwanza limeandikiwa 6. Ukiweka Dodoma mahali pake utapona, kwa bahati tu, maana nalo lina herufi 6. Ukiweka Dar es Salaam bila kugeuza ile 6 kuwa 13, PHP itashindwa kuisoma orodha nzima, na mipangilio yote ya plagini hiyo itaonekana kama haijawahi kuwepo. WP-CLI hujihesabia yenyewe.

Ugumu halisi lakini si kuandika amri, ni kuzirudia. Intaneti hukatika skripti, yaani faili lenye mfululizo wa amri, ikiwa katikati, umeme nao una tabia zake, na fundi huanza upya. Skripti inayosema "unda ukurasa wa Mawasiliano" ikiendeshwa mara tatu itazaa kurasa tatu, na anwani za mbili za mwisho zitamalizikia kwa 2 na 3. Iliyoandikwa vizuri huuliza kwanza kama ukurasa upo, mithili ya mpishi anayeonja mchuzi kabla ya kutia chumvi. Mwanahisabati Benjamin Peirce alikwisha kuipa jina sifa hiyo ya kurudiwa bila kubadilisha kitu mwaka 1870, alipoeleza vitu ambavyo vikizidishwa kwa vyenyewe hubaki vilevile. Katika kompyuta, Mark Burgess aliifanya msingi wa programu ya CFEngine, aliyoianzisha mwaka 1993 akiwa Chuo Kikuu cha Oslo: usiiambie mashine hatua za kupita, iambie hali unayoitaka, ijisogeze yenyewe hadi ifike.

WordPress ina msimbo wa pande zote mbili za suala hili. Wito wa update_option hufuta kilichopo na kuweka chako. Add_option huweka tu pale ambapo hapakuwa na kitu. Kwa maoni yangu, mambo ya saa na ulinzi yalazimishwe kwa wito wa kwanza. Rangi, maneno ya kukaribisha na barua pepe ya kupokea oda yaachiwe wa pili, kwa sababu mteja akishayabadilisha ni mali yake, na skripti inayoyarudisha nyuma usiku ni mharibifu.

Watunzi wa plagini nao wana lawama. Wengi huweka kurasa za maswali zinazokamata skrini mara tu plagini inapowashwa. Amri haina skrini, hivyo kurasa hizo hazifunguki, na kama kuna mpangilio unaowekwa humo peke yake, duka linabaki nusu: limewashwa, lakini halijui shilingi. Mtunzi mwenye adabu huweka chaguo-msingi zinazofanya kazi wakati wa kuwasha, na maswali huyaacha kwa atakayetaka.

Funguo za leseni na manenosiri yasiandikwe ndani ya skripti. Yakae kwenye seva, skripti iyasome huko. Na kabla ya kuikabidhi kwa mteja yeyote, iendeshe mara mbili mfululizo kwenye tovuti tupu ya majaribio. Ikiwa mara ya pili imebadilisha chochote, bado haijaiva.