Miale ya kosmiki na alama inazoacha njiani

Miale ya kosmiki ni chembe zenye chaji zinazokwenda karibu na kasi ya mwanga: tisa kati ya kumi ni protoni, na nyingi ya zilizobaki ni viini vya heli. Sumaku iliyotanda katika Njia Nyeupe huzipinda hovyo, hata upande zinakotokea zikifika duniani hauonyeshi zilikozaliwa. Ushahidi bora zaidi huwa katika migongano yake.

Mgongano mkuu ni wa protoni na gesi ya haidrojeni iliyotawanyika baina ya nyota. Protoni ikiwa na nishati ya elektronivolti milioni 280 au zaidi, huweza kuzaa chembe iitwayo pioni. Pioni isiyo na chaji huvunjika papo hapo kuwa fotoni mbili za gama, na hizo, kwa kuwa hazina chaji, husafiri moja kwa moja bila kujali sumaku. Penye gesi nyingi, gama nazo huwa nyingi.

Jambo hilo lilithibitishwa na chombo kilichorushwa kutoka pwani ya Kenya. Tarehe 15 Novemba 1972, satelaiti ya Marekani SAS-2 ilipaa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Njia ya kuzunguka juu ya ikweta ilifaa mno, kwani huko sumaku ya dunia hurudisha nyuma chembe nyingi ambazo zingevuruga vipimo. Hadi Juni 1973, umeme wake ulipoharibika, ilikuwa imenasa fotoni za gama takribani 8,000 tu, lakini zilitosha kuonyesha ukanda wa Njia Nyeupe uking'aa.

Katika miale ya kosmiki, elektroni ni chache. Zikigonga fotoni za mwanga wa nyota huzipandisha nishati hadi kuwa eksirei au gama. Zikizunguka katika sumaku hutoa mawimbi ya redio.

Protoni zenye nishati ya kupindukia hukwamishwa na mnururisho wa mikrowevu uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 1966 Greisen wa Marekani, na Zatsepin na Kuzmin wa Urusi ya Kisovieti, walikadiria kikomo: karibu elektronivolti trilioni milioni 50.

Chembe za miale ya kosmiki zinazofika duniani hugonga hewa na kuzaa pioni zenye chaji, ambazo hugeuka chembe ziitwazo muoni. Mtaani Buxton, Mombasa, karibu na usawa wa bahari, muoni moja hivi hupita kila dakika katika kila sentimita ya mraba, na dari za zege za maghorofa huzipunguza kidogo tu.