Hifadhi ya Pamoja ya Faili na Tatizo la Neno "Kudumu"

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi hifadhi moja ya faili inavyotumiwa na makontena mengi ya kompyuta kwa njia ya mtandao, na kuonyesha kwamba baadhi ya istilahi tulizozifasiri kwa Kiswahili, zikiwemo nilizozifasiri mimi mwenyewe, humpotosha mtumiaji. Jambo hili si la mafundi peke yao. Sisi wanafunzi wa lugha nasi twaweka rekodi za masimulizi katika mitambo ya namna hii, na anayekosea neno huweza kupoteza rekodi.

Mfano ninaoujua kwa karibu ni wa Burat, wadi iliyo jirani na mji wa Isiolo. Huko Kiturkana, Kiborana, Kisamburu, Kimeru na Kisomali hukutana, na Kiswahili ndicho kiungo cha wasemaji wake. Tulirekodi mazungumzo ya wafugaji na wakulima wa hapo, tukayaweka katika kundi la kompyuta tatu zilizoendesha programu za kunakili maneno, kila programu ndani ya kontena lake.

Kontena, kwa maana hii, ni programu iliyofungashwa pamoja na vyote inavyohitaji ili iweze kuendeshwa katika kompyuta yoyote inayofaa. Njia hii ilienea baada ya kutolewa kwa Docker mwaka 2013. Mwaka uliofuata Google ilitoa Kubernetes, programu ya kusimamia makontena mengi katika kompyuta nyingi. Jina hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni mshika usukani. (Mabaharia wetu wangeliweza kusema rubani, kabla neno hilo halijapaa na ndege.) Sasa, kontena haliishi sana. Likiharibika huondolewa, na jingine huanzishwa mahali pake, pengine katika kompyuta nyingine kabisa. Na yaliyoandikwa ndani ya lile la kwanza hupotea pamoja nalo. Hapana budi, basi, faili zinazothaminiwa zikae nje ya kontena.

Njia moja kongwe ya kufanya hivyo ni NFS, yaani Mfumo wa Faili wa Mtandao, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984. Kompyuta moja hufanywa ghala. Msimamizi wake huandika katika faili iitwayo /etc/exports ni saraka ipi inayotolewa, kwa kompyuta zipi, na kwa ruhusa gani: kusoma tu, au kusoma na kuandika. Kila kompyuta ya kundi huwekewa programu ya mteja wa NFS, kisha saraka ile huunganishwa nayo ikaonekana kana kwamba ni yake yenyewe.

Hapa pana jambo linalowasumbua wengi. Katika mpango wa kawaida wa NFS, ghala halimtambui mtumiaji kwa jina bali kwa nambari. Kontena likiandika faili kwa nambari 1000, na jingine likaja na nambari 1001, hili la pili huweza kunyimwa ruhusa hata kama yote mawili ni ya mwalimu mmoja. Na mtumiaji mkuu, mwenye nambari 0, akifika ghalani huvuliwa ukubwa wake na kuhesabiwa kuwa mtu asiyejulikana, isipokuwa msimamizi ameagiza vinginevyo. Anayeshangaa kuona programu yake "kuu" ikikataliwa kuandika, na atazame hapo kwanza.

Uhusiano wa kontena na ghala wafanana kidogo na ule wa mifugo na visima virefu vya Waborana. Mifugo huja, hunywa, huondoka, kisima hubaki. Aliyekichimba, ambaye Waborana humwita konfi, ana haki yake; na aba herega husimamia zamu ili makundi mawili yasivamie birika moja kwa wakati mmoja. Katika NFS kazi ya zamu hufanywa na kufuli za faili, ambazo katika toleo la 4 zimeingizwa ndani ya mfumo wenyewe.

Tuje sasa kwenye istilahi. Kubernetes hutenganisha vitu viwili: hifadhi yenyewe, ambayo maelezo yake hutaja anwani ya ghala na saraka, na hati ya mtumiaji anayetaka kupewa hifadhi. Hati hiyo wengi huiita "dai". Mimi naona "ombi" linafaa zaidi, kwani katika Kiswahili mwenye kudai tayari ana haki yake kwa mdaiwa, ilhali hati hii yaweza kungoja siku nyingi bila kujibiwa ikiwa hakuna hifadhi inayoilingana.

Kosa kubwa zaidi limo katika aina za ruhusa. Nimeona zikifasiriwa "kusoma na kuandika mara moja" na "kusoma na kuandika mara nyingi". Tafsiri hiyo imefuata neno ikaacha maana. Hazihesabiwi nyakati hapa, zinahesabiwa kompyuta. Ya kwanza ni kuandika kutoka kompyuta moja tu, hata kama ina makontena kadhaa. Ya pili ni kuandika kutoka kompyuta nyingi, na ndiyo inayoifanya NFS ipendwe, kwa kuwa diski nyingi za kawaida haziwezi. Mwanafunzi aliyesoma "mara moja" aliniuliza kama angeruhusiwa kusahihisha faili siku ya pili. Swali lake lilikuwa la haki.

Ama hilo neno "kudumu", kosa ni langu. Katika mwongozo wa mradi niliandika "hifadhi ya kudumu". Mwenzetu mmoja, akisafisha mtambo, alifuta ombi ambalo halikuwa na kontena tena, akiamini kwamba kilicho cha kudumu kitadumu. Kumbe hifadhi ile haikuandikwa kwa mkono. Ilikuwa imetengwa na programu, na hifadhi za namna hiyo hupewa agizo la kufuta zisipoagizwa kubakiza. Ombi lilipoondoka, saraka iliondoka nalo. Istilahi ya asili haikuahidi umilele. Ilisema tu kwamba hifadhi hupita umri wa kontena. Lau ningaliandika "hifadhi inayobaki", msomaji angaliuliza: inabaki baada ya nini kuondoka?

Nimekwisha kuirekebisha ibara hiyo katika mwongozo. Anayeweka mtambo wake aagize kubakiza kabla ya kuingiza rekodi ya kwanza. Na asitegemee kipimo cha ukubwa kinachoandikwa katika ombi, kwa maana NFS haikilazimishi, na kontena moja laweza kulijaza ghala zima. Nakala ya pili iwekwe mahali pengine, kwani agizo la kubakiza haliokoi diski iliyokufa. Rekodi nyingi za Burat tulizipata tena kutoka katika vinasa sauti. Tatu hazikupatikana, na mmoja wa waliozungumza humo, bibi aliyekuwa akihama kutoka Kiturkana hadi Kiswahili katikati ya sentensi, amekwisha kufariki.