Shairi Lililohifadhiwa na Sauti

Apitaye Kengeleni, katika njia itokayo Mombasa kwenda Malindi, huiona kengele ya Frere Town ikining'inia kimya, kengele ambayo zamani ilikuwa ikipigwa kuwatahadharisha watumwa walioachwa huru, waliopewa makao hapa mwaka 1875, kila ilipohofiwa kuwa wateka watu wamekaribia. Lakini mlio uliowatoa watu mbio majumbani haujui ila aliyeusikia.

Mashairi yetu ya kale nayo yamekutwa na hali hiyo. Padre W. E. Taylor, wa shirika lile lile la wamisionari, CMS, lililoanzisha Frere Town, alishirikiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyokuwa yakiishi vifuani mwa watu tangu malenga huyo alipofariki takriban mwaka 1840, na kwa juhudi yao William Hichens akaweza kuyapiga chapa mwaka 1940. Twawashukuru kwa dhati, ilhali wino huchukua maneno na vina, mahadhi ukayaacha nyuma.

Ndiyo maana naiona safari ya mwimbaji Siti binti Saad ya mwaka 1928, alipovuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kutia sauti yake katika santuri, kuwa ni tukio la fasihi kama lilivyo la muziki. Na hapa Mombasa tulijaaliwa neema kubwa: Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake, *Malenga wa Mvita*, ilitoka mwaka 1971, akitunga, na binamu yake Mohamed Khamis Juma Bhalo akiimba. Kwa kuwa mshororo wa shairi aghalabu una mizani 16, minane ukwapi na minane utao, mwimbaji stadi aweza kuuvika mahadhi ayatakayo, na Juma Bhalo akauvika hata yale ya filamu za Kihindi. Ilhali mwimbaji Zein l'Abdin, kwa udi wake, alielekea Uarabuni.

Waskoti wamemkusanyia mshairi wao Robert Burns, aliyefariki mwaka 1796, nyimbo zake zote katika santuri 12. Zetu, nyingi ni kanda za harusini, zenye vigelegele ndani yake, nazo zazeeka makabatini. Wallahi zastahili heshima ile ile tuipayo diwani.

Kisauni, barazani kwa jamaa zangu, niliona utepe wa kanda moja umelegea na kutoka nje. Kijana akatia penseli katika tundu lenye meno, akauzungusha polepole hata ukarudi wote. Sauti ilipotoka ilikuwa nzito, ikiyumbayumba, na bibi wa nyumba, aliyekuwa akichambua mchele, akakitamka kina cha kituo kabla mwimbaji hajakifikia, bila kuinua macho kutoka katika ungo.