Yurea Inapopanda

Magoma iko bondeni wilayani Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Huku chini mbu ni wengi. Ukipanda kuelekea Lushoto wanapungua. Watafiti waliopima maambukizi ya malaria kwenye milima hii waligundua kuwa kwenye mwinuko wa mita 1,700 ni madogo mara elfu moja kuliko kwenye mita 300.

Malaria kali hupanda kichwani, hilo wengi wanalijua. Lakini huweza pia kuzima figo, na taka zilizopaswa kutoka na mkojo zikabaki kwenye damu. Hapo ndipo kipimo cha yurea, mojawapo ya taka hizo, kinapokuwa na uzito. Korogwe na Hospitali Teule ya Muheza zilishiriki katika utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kutibu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika. Ulithibitisha kuwa dawa ya artesuneti huokoa watoto wengi kuliko kwinini. Takwimu zake zilipochambuliwa zaidi, yurea kuwa juu ilionekana kuwa miongoni mwa dalili zinazotangulia kifo, pamoja na asidi kuzidi kwenye damu, kupoteza fahamu na degedege.

Figo zikizima ghafla, damu yaweza kusafishwa kupitia tumbo, tiba ambayo hospitali ya KCMC mjini Moshi imeitoa kwa miaka kadhaa. Maji yenye chumvichumvi na sukari huingizwa tumboni kwa mpira mwembamba, utando wa tumbo unachuja taka, kisha maji yanatolewa. Si lazima iwepo mashine wala umeme. Kwa hospitali za mikoani, hiyo ni faida kubwa mno.

Kwa mgonjwa wa figo wa kudumu, anayebadilisha maji hayo ya tumboni kila siku, madaktari huangalia sana albumini, protini inayotengenezwa na ini. Ikiwa chini, hatari ya kifo huongezeka. Kumhimiza ale mayai tu hakutoshi: huenda ana maambukizi yaliyojificha, na gramu 5 hadi 15 za protini hupotea kila siku na maji ya tumboni.

Hata hivyo, mkojo nao una habari zake. Uchambuzi wa mwaka 2001 wa wagonjwa wa Kanada na Marekani waliosafishwa damu kupitia tumbo ulionesha kuwa kila nyongeza ya mililita 250 za mkojo kwa siku iliambatana na hatari ya kifo kupungua kwa asilimia 36. Kwa hiyo figo iliyobakiza nguvu kidogo hulindwa, na mgonjwa huambiwa asijinunulie dukani dawa za maumivu zinazoumiza figo, kama diklofenaki.